Kung fu ukiwa na miaka 43 na mwili mzito: uzoefu wangu wa darasa la jioni Dar

Kama umeshapita miaka 40, una kitambi, ukipanda ngazi mbili tatu pumzi inakata, na bado unajiuliza kama unaweza kuanza kung fu, jibu langu ni kwamba unaweza, na ninakushauri uanze. Ila yote yanategemea umeangukia mikononi mwa mwalimu gani.

Mimi ni mama wa watoto watatu na kazi yangu ni ya kukaa. Naandika ankara na kuhesabu fedha za duka Kariakoo kuanzia asubuhi hadi jioni. Nilikuwa na kilo 91, presha imeanza kupanda, na kliniki waliniambia wazi nianze mazoezi. Gym nilishajiunga, lakini zile mashine hazikuwahi kunivuta nirudi kesho yake. Kung fu nilikuwa nayo moyoni tangu mtoto. Mtaani kwetu tulikuwa tunalipa kiingilio banda la video kumwona Bruce Lee, tukitoka wavulana wanarushiana mateke uchochoroni, sisi wasichana tunaambiwa huo si mchezo wetu. Kwa hiyo nilipoona bango la darasa la watu wazima Magomeni, nilimuuliza daktari kwanza kuhusu presha, akakubali, nikaenda kujiandikisha.

Darasa linafanyika kwenye ukumbi wa shule, mara 3 kwa wiki, saa 12 jioni mpaka saa 1 na nusu. Ada ni Sh 40,000 kwa mwezi. Mwalimu ni kijana, nadhani hajafika 35, na anafundisha mtindo wa Shaolin, ule uliotokana na hekalu la milimani Henan, China, lililojengwa mwaka 495. Nikifika mlangoni ananiamkia, "Shikamoo mama," naitikia marahaba. Tukishapanga mistari ndani, mimi ndiye ninayemsalimia, ngumi ya kulia kwenye kiganja cha kushoto, na akitoa amri naifuata kama wanafunzi wote. Hakuna anayeona tabu. Umri wangu unaheshimiwa na ualimu wake unaheshimiwa.

Sasa niseme kuhusu mabu, maana ndiyo iliyonifanya nibaki. Mabu ni mkao wa mpanda farasi: miguu unaitanua kupita mabega, vidole vinatazama mbele, unashuka kama unayekaa, mgongo wima, ngumi mbili kiunoni. Ukiitazama unaona ni kusimama tu. Ukishaingia, mapaja yanawaka moto kabla hujamaliza kushusha pumzi ya tatu. Vijana wanashuka mpaka paja linalala sambamba na sakafu. Mimi mwalimu aliniletea stuli ya plastiki, akaiweka nyuma yangu, akasema, "Mama, shuka mpaka uiguse, halafu usiikalie." Akachuchumaa mbele yangu kuangalia magoti. Goti langu la kushoto lilikuwa linaingia ndani kila nikishuka. Akaniambia nilisukume lifuate uelekeo wa kidole cha pili cha mguu, na lile goti ambalo lilikuwa linanisumbua kwenye ngazi likatulia palepale. Wiki zilivyokwenda alibadilisha stuli ikawa fupi, na baadaye akaiondoa kabisa.

Kingine ni kwamba anatuhesabisha kwa sauti kwa Kichina, yi, er, san, si (moja, mbili, tatu, nne), ukumbi mzima. Mwanzoni nilidhani ni mbwembwe za Kichina. Kumbe mtu akikaza misuli akiwa ametulia hivyo huwa anabana pumzi bila kujua, na kubana pumzi huku umekaza kunapandisha presha ghafla. Ukihesabu kwa sauti huwezi kubana. Kwa mtu mwenye presha kama mimi hilo ni jambo kubwa, na mwalimu asiyelijali nisingemwamini na mwili wangu.

Jiandae kwa maumivu. Siku ya kwanza utalala vizuri, kesho yake utaamka salama kidogo, kesho kutwa ndiyo utashika ukuta ukielekea chooni. Misuli isiyozoea huuma zaidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu baada ya mazoezi, kisha inaachia yenyewe. Hayo ni ya kawaida. Yasiyo ya kawaida ni maumivu makali ya kuchoma ndani ya kiungo wakati uleule unapofanya tendo. Hapo unasimama na unasema. Kwenye darasa letu kusema "hapa panauma" hakumshushi mtu hadhi, na mwalimu ana zoezi mbadala tayari.

Mateke yalinitia hofu kuliko yote. Tunaanza na teke la mguu ulionyooka, unaurusha mbele bila kukunja goti. Wenzangu wanafika usawa wa paji la uso, mimi nilianzia usawa wa goti la pili. Mwalimu hakunisukuma hata mara moja. Alitaka mguu wa chini usimame imara, kisigino kisinyanyuke, mgongo usijikunje kuufuata mguu. Sasa nafika kiunoni, na ninafika nikiwa nimesimama sawasawa. Nimependa sana kuona mwili wangu unakubali kufunguka nyonga katika umri huu.

Fomu, yaani mfululizo wa miondoko uliopangwa, ya kwanza tuliyofundishwa ni Wubuquan, yenye mikao mitano ya msingi: gongbu (goti la mbele umelikunja, mguu wa nyuma umenyooka), mabu, pubu, xiebu (unachuchumaa miguu imepishana) na xubu (uzito uko mguu wa nyuma). Pubu ndiyo ngumu kwa mtu mzito, maana mguu mmoja unaukunja ukachuchumaa juu yake na mwingine unaunyoosha pembeni karibu na sakafu. Mpaka leo naifanya ya juu, nusu ya wanavyoifanya vijana, na mwalimu anaihesabu. Siku nilipoipiga Wubuquan kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kutazama wa mbele yangu, nilirudi nyumbani nikaifanya tena sebuleni, wanangu wakitazama. Binti yangu wa mwisho sasa naye anataka kujiandikisha.

Kabla ya hapa nilipita darasa jingine, sitalitaja. Huko mgeni anaingizwa kwenye kupigana siku ya kwanza, bila kinga ya meno, bila kujipasha moto vizuri, na mwalimu anazomea wanaochoka. Ukiona hivyo, ondoka. Mtu ambaye misuli yake haijawahi kushika mkao hana sababu ya kupokea mateke ya mtu mwingine. Kwetu mazoezi ya wawili wawili yapo, ila ni ya polepole, unajua mwenzako anakuja na ngumi ipi, unajifunza kuizuia na kuondoka kwenye mstari wake. Sanda, yaani mapambano yenyewe, ni kwa anayetaka na aliyeiva.

Yasiyonifurahisha yapo. Sakafu ni saruji tupu, na mikeka iliyopo haitoshi wote. Kwa kurukaruka haifai, mimi huwa naomba nifanye bila kuruka. Raba zenye soli nyembamba zinakusaidia kusimama imara, lakini kwenye saruji visigino vinaumia, kwa hiyo nimeweka soli laini ndani. Hakuna chumba cha wanawake kubadilishia nguo, inabidi utoke kazini umeshavaa suruali ya mazoezi chini ya gauni. Na ada ya mtihani wa mkanda tuliambiwa wiki ile ile ya mtihani. Hilo lisemwe siku ya kujiandikisha, watu tunapanga bajeti. Nimemwambia mwalimu, ameahidi kubandika bei zote ukutani.

Kuhusu matokeo: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku 2 au zaidi za mazoezi ya nguvu. Darasa letu linanipa vyote viwili kwa pamoja, na mabu peke yake ni mazoezi ya nguvu ya kutosha kwa miguu. Uzito haujashuka sana, nisikudanganye. Suruali ndizo zimelegea kiunoni. Presha imetulia kwa vipimo vya kliniki, dawa naendelea nazo kama daktari alivyosema. Maji yakikatika napandisha ndoo mpaka ghorofa ya pili bila kutua njiani, jambo ambalo mwaka jana nisingelijaribu. Na nikiwa kaunta, mteja akinipandishia sauti, nashusha pumzi taratibu kabla ya kumjibu.

Si lazima uanze na Shaolin. Kama mateke yanakutisha, tafuta Wing Chun, mtindo aliojifunza Bruce Lee kwa Ip Man huko Hong Kong. Fomu yake ya kwanza, Siu Nim Tau, unaifanya umesimama palepale, mikono tu ndiyo inafanya kazi. Kama magoti yameshafanyiwa upasuaji au una miaka 60, muulize daktari wako kuhusu taijiquan (tai chi), mtindo wa miondoko ya taratibu. Fomu fupi ya miondoko 24, iliyotungwa China mwaka 1956, inafundishwa polepole na hairuki popote. Popote utakapokwenda, omba kukaa pembeni utazame kipindi kizima kabla hujalipa, na umtazame yule mzito kuliko wote darasani: je, mwalimu anamfikia, au amemwacha nyuma ajitegemee? Wetu wanaruhusu kutazama bure, jioni yoyote ya darasa.