Uganda Airlines CRJ900, Entebbe–Dar: ombeni dirisha la nyuma ya bawa

Wapenzi wa ndege wa Kampala hii ni yenu. Wahudumu wachangamfu, safari tulivu, hayo wengine washayasema, mi nataka niongelee bawa maana ndo nililolipia siti ya dirishani, na sijutii hata shilingi.

CRJ hii, jeti ndogo ya abiria, injini zake ziko mkiani kwahiyo bawa linabaki wazi, unaliona lote mpaka ile ncha iliyokunjwa juu, wingileti. Wengi wanadhani ni urembo tu, hapana jamani! Ndege ikiruka hewa ya chini ya bawa ina presha kubwa kuliko ya juu, sasa ikifika nchani inapata upenyo, inapanda juu huku inajizungusha, mara ishakuwa kisulisuli kinachoburutwa nyuma njia nzima. Hicho kisulisuli kinaisukuma chini hewa inayopita kwenye bawa, basi ile nguvu ya kuinua ndege inalala kidogo kuelekea nyuma, na sehemu hiyo iliyolala ndo inakuwa breki. Breki yenyewe ni kali zaidi ndege ikiwa nzito na spidi ndogo, yaani pale inapopaa tu, spidi ikiongezeka mara mbili inabaki robo. Wingileti haikiui kisulisuli, inakidhoofisha, mafuta yanapona. Richard Whitcomb wa NASA ndo aliishughulikia sana miaka ya 1970, wakaijaribu kwenye KC-135, ndege kubwa ya jeshi la Marekani ya kubebea mafuta, wakaona faida inakaribia 7%, kwa biashara ya ndege hiyo ni hela nyingi mno.

Utamu wenyewe niliupata wakati wa kurudi. Asubuhi, unyevu wa ziwa umejaa hewani, tunashuka Entebbe flapi zote nje (vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua), nikaona uzi mweupe umetoka kwenye kona ya flapi unajisokota kwenda nyuma. Ni kisulisuli kabisa kile! Katikati yake presha inashuka, hewa inapoa, mvuke unaonekana kwa macho. Nilimshtua jirani yangu dirishani naye akakodoa mpaka tunagusa ardhi.

Na ndo maana vile vi-Caravan, vindege vidogo vya kwenda mbuga ya Kidepo, vikiwa nyuma ya ndege kubwa kama A330 vinasubirishwa dakika kadhaa kabla ya kupaa, kisulisuli cha lile kubwa kinaweza kukipindua kindege.

Kushoto au kulia ni sawa tu, ila msichukue mistari ya mwisho, kule injini inawaziba.