Isshin wa Sekiro: Huyu Ndiye Bosi wa Mwisho Anayestahili Cheo Chake

Tazameni hapo juu ya skrini, katikati. Ule mstari wa rangi ya chungwa umejaa, doa jekundu limetokea mwilini mwa Isshin, na sasa… R1, kitufe cha kushambulia. Basi. Kaenda chini. Mstari wake wa uhai ulikuwa bado karibu nusu, na bado kaenda chini! Ikumbukeni picha hiyo, maana tutairudia sana leo.

Karibuni tena wadau wa gemu. Leo tuna Sekiro: Shadows Die Twice, kazi ya FromSoftware ya mwaka 2019. Michoro, hadithi, ukubwa wa ramani, yote hayo mnayajua, tunayaruka. Leo ni pambano moja tu, lile la mwisho. Kama hujamaliza gemu, simamisha video hapa, kamalize kwanza, kisha urudi. Hapa kila kitu kitafichuliwa.

Bosi, yaani adui mkuu wa pambano, ni Isshin, na sababu ya kumsifu ni hii: hakuulizi jambo hata moja ambalo gemu haikukufundisha. Hata moja! Utaona jinsi jambo hilo lilivyo adimu tukifika kwa wengine.

Tuanze na msimamo. Kila mpiganaji kwenye Sekiro ana mistari miwili, wa uhai na wa msimamo. Wa kwako uko chini ya skrini, wa bosi uko juu. Ukijaa wa bosi, anayumba, unammaliza. Sasa sikiliza sauti. Hii hapa ni kukinga kwa kawaida, L1, kitufe cha kukinga, imeshikiliwa: sauti nzito, butu. Na hii hapa ni kupangua, L1 imebonyezwa pale pale upanga unapofika: sauti kali ya chuma, cheche kubwa. Ukikinga, unajaza mstari wako. Ukipangua, unajaza wa kwake. Tena hata wako ukiwa umejaa mpaka ukingoni, pigo ulilolipangua sawasawa haliwezi kukuvunja. Wengi hawalijui hilo, wanaona mstari umejaa, wanatishika, wanakimbia, na hapo ndipo wanapoharibu.

Kwa nini kukimbia ni kosa? Kwa sababu mstari wa bosi unapoa ukimwacha. Uhai wake ukiwa mwingi, unapoa upesi. Uhai ukipungua, unapoa polepole. Kwa hiyo kazi ya mwanzo wa kila hatua ni kumchana kwanza, umtoe kama robo ya uhai au zaidi, halafu ndipo ubaki karibu yake na kupangua mfululizo. Ukianza na kupangua tu wakati uhai wake umejaa, unachota maji kwa pakacha.

Kosa la pili: kubonyeza L1 kwa fujo. Gemu inaliona hilo. Kila unapobonyeza haraka haraka, ule muda mfupi wa kupangua unazidi kupungua. Bonyeza mara moja kwa kila pigo. Akiurudisha upanga alani na kutulia, jiandae kwa mapigo mawili ya kasi, moja, mbili, L1, L1. Siyo matano.

Haya, Isshin ana hatua tatu. Ya kwanza ni upanga. Ya pili anachomoa mkuki kutoka ardhini, na mkono mwingine una bastola. Ndiyo, bastola, na risasi zake zinapanguliwa kama upanga. Ya tatu tutaikalia muda mrefu, subirini.

Kwenye hatua ya pili mtazame mwili, msiitazame ile alama nyekundu. Ile alama ya maandishi yenye maana ya hatari inatokea kwa namna ile ile iwe ni mchomo, mfyeko au mkamato, na sauti ni ile ile. Inakwambia kuna hatari, haikwambii ni ipi. Ncha ya mkuki ikikuelekea kifuani, huo ni mchomo: bonyeza kitufe cha duara bila kurudi nyuma, unamkanyagia mkuki, na mstari wake unaruka juu kwa kipande kikubwa. Akiushusha mkuki chini pembeni, huo ni mfyeko: ruka. Ukiruka kwenye mchomo, unachomwa hewani. Ukijaribu kukanyaga mfyeko, unafyekwa miguu. Ule ujuzi wa kukanyaga, Mikiri, unanunuliwa mapema sana kwenye gemu. Kama umefika hapa bila kuununua, nenda kaununue kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa radi. Hatua ya tatu mbingu zinachafuka, na Isshin anaanza kupiga kwa radi. Nitaionyesha mara tatu, maana hapa ndipo watu wanapokata tamaa, na hapa ndipo pambano lote linapokuwa tamu.

Mara ya kwanza, namna mbaya. Radi inakusanyika kwenye silaha, mchezaji yuko chini, anashikilia L1. Imempata. Mwili unatetemeka, uhai umeporomoka. Radi haikingwi ukiwa umesimama.

Mara ya pili, nusu nzuri. Ameruka, radi imemkuta hewani, vizuri kabisa… lakini amesubiri. Miguu imegusa ardhi radi ikiwa bado mwilini. Ameungua vile vile.

Mara ya tatu. Radi inakusanyika, subiri… subiri… ruka. Imekupata hewani. R1 kabla ya kutua. Inarudi kwake! Tazama anavyotetemeka, tazama uhai unavyoshuka, na nafasi ya kumchana imefunguka wazi. Pigo lake la kutisha kuliko yote ndilo linalokupa ushindi. Mchezaji aliyejifunza hili anaitamani ile radi ije.

Na halikuzuka tu. Lilifundishwa juu ya ngome ya Ashina, kwenye pambano la Genichiro, mjukuu wa Isshin, mapema kabisa. Tena tangu apdeti ya bure ya Oktoba 2020 unaweza kumrudia bosi uliyekwisha kumshinda kupitia sanamu za kupumzikia. Kama radi inakusumbua, rudi kwa Genichiro, fanya mazoezi mpaka kidole kijue chenyewe.

Linganisha na wengine. Fable II, mwaka 2008: Lucien, adui mkuu, anamalizwa kwa risasi moja. Ukichelewa kufyatua, mtu mwingine anafyatua kwa niaba yako! Gemu nzima umejenga panga, uchawi na shabaha, na hakuna hata kimoja kinachopimwa. Shadow of Mordor ya 2014 inaniuma zaidi, kwa sababu ile gemu ilikuwa na maadui wanaokumbuka sura yako na kovu ulilowaachia, jambo zuri mno, halafu mwisho unapewa vitufe vya kubonyeza kama vinavyotokea kwenye skrini. Adui uliyemjenga kwa mikono yako mwenyewe angefaa zaidi kusimama pale.

Na hata FromSoftware wenyewe. Elden Ring, 2022: Radagon, bosi wa kwanza wa pambano la mwisho, ni mzuri, yuko karibu, unapigana naye ana kwa ana. Anakufa, anatokea Elden Beast, na pambano linageuka kuwa mbio. Linapiga, linazama, linaibukia mbali, na wewe mwenye upanga mzito unakimbia juu ya maji huku nyota ya dhahabu ikikufuata na kukudondoshea vipande. Ukifika, linaondoka tena. Mwenye uchawi wa masafa hapati shida hiyo, ila mwenye upanga anaadhibiwa kwa umbali, siyo kwa kosa. Mwaka 2024 waliruhusu farasi aitwe kwenye pambano hilo, na limekuwa bora. Ila hebu fikirieni, miaka miwili watu wanakimbia kwa miguu.

Kuna kasoro kwa Isshin? Ipo. Kabla yake kuna Genichiro tena, mwenye mstari mmoja wa uhai, na kila ukifa, hata ukifia kwenye radi ya hatua ya tatu, unaanza naye upya. Inachosha, sikatai, na katika majaribio ya mwanzo inakera hasa, maana anakumalizia dawa. Kibuyu chako cha dawa kina mafunda 10 tu hata ukiwa umeokota mbegu zote. Lakini tazameni uwanja wenyewe. Ni ule ule wa majani marefu ambapo gemu ilianza, Genichiro yule yule aliyekukata mkono. Pale mwanzo hata ukimshinda, mkono unakwenda. Sasa unampita bila kuguswa. Nilisema ni kasoro, na kwa dawa inayopotea bado ni kasoro, ila nisingependa aondolewe. Sehemu ya kuhifadhi kati yake na babu yake ingetosha… hapana, hata hiyo ingepunguza uzito. Aachwe. Mshindeni bila kunywa hata funda moja, ndiyo kipimo kwamba mko tayari kwa Isshin.

Kuhusu bei, gemu hii ina umri wa kutosha kuingia kwenye punguzo mara kwa mara, kwa hiyo wekeni kwenye orodha na msubiri. Msubiri, msiikose.

Habari za chaneli: video ijayo ni Wheatley, bosi wa mwisho wa Portal 2, na lile tundu moja unalofyatua pale mwisho baada ya gemu nzima kukufundisha kutazama kuta. Kabla ya hapo, andikeni hapo chini ni hatua gani ya Isshin inawakwamisha, na mseme mnakufa kwa mchomo, mfyeko au radi, maana dawa ya kila kimoja ni tofauti. Anayekwama kwa mkuki aanze hivi: raundi nzima asishambulie kabisa, akanyage na kuruka tu, na ahesabu ni mara ngapi amesoma mwili sawasawa.