Uzoefu wangu: siku ya kwanza kisiwani Mbudya na marafiki, kuanzia boti ya Kunduchi hadi kulala kwenye hema

Kwa mtu wa Dar anayetaka kisiwa bila kupanda boti ya Zanzibar, Mbudya ndicho cha karibu chenye kila kinachohitajika kwa mapumziko ya siku mbili. Kiko mbele ya Kunduchi, boti ya mashine inakufikisha kwa dakika 15 hadi 20, na kulala na hema kunaruhusiwa. Ninachopima hapa ni huduma za siku ya kwanza kwa kundi la marafiki wanane hadi kumi: usafiri, kiingilio, banda, chakula na usiku wenyewe. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja imepotea kwenye chakula kinachochelewa na kwenye vyoo, ambavyo wikendi vinazidiwa na watu mapema sana.

Lakini kuliko huduma yoyote, kinachoamua kama siku itakuwa tamu au chungu ni maji kujaa na kupwa. Watu wengi wa mjini huchagua tarehe kwa kuangalia mshahara na Jumamosi. Angalieni mwezi kwanza.

Mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji yanakuwa bamvu, yaani yanajaa sana na kupwa sana, na pwani ya Dar tofauti kati ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Siku hizo maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Sasa chukua kundi lililopanga kukutana Kunduchi saa 4 asubuhi, kama makundi mengi yanavyopanga. Wanakuta boti imeelea mbali, ufuko umegeuka uwanja wa mchanga na tope, na kila mzigo lazima ubebwe kichwani hadi maji yafike kiunoni. Mkate unalowa, unga unalowa, simu ya mtu inazama. Halafu lawama zote zinamwendea nahodha, ambaye hawezi kusogeza boti penye maji ya kifundoni bila kuharibu mashine.

Wiki moja baada ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Tofauti ni ndogo, na maji yanajaa kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi. Boti inasogea karibu, mnapakia vizuri, na mkifika kisiwani mnaogelea bila kutembea kwanza kuyafuata maji. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa dakika kama 50, kwa hiyo ukijua ya leo unaweza kuhesabu ya Jumamosi mwenyewe. Ukishindwa, muulize mvuvi yeyote pale Kunduchi. Atakujibu bila kuangalia simu.

Jambo la pili ni upepo. Kusi kikishika, hasa Juni hadi Agosti, asubuhi bahari inaweza kuwa shwari na mchana ikachafuka. Ukisafiri miezi hiyo, vuka kabla ya saa 4 na usipange kurudi alasiri. Masika nayo, Machi hadi Mei, kulala kwenye hema ni kujitesa.

Kufika Kunduchi ni rahisi. Kutoka Mwenge panda daladala la Tegeta, shuka Mtongani, chukua bajaji hadi ufukweni. Mkiwa wanane na mizigo, bajaji mbili hazitoshi. Kodini Noah tangu mjini. Boti zinapatikana pia kwenye hoteli za ufukweni upande wa Mbezi Beach, na huko kupanda boti ni rahisi zaidi ingawa mtalipa zaidi. Barafu nunueni Kunduchi, maana wavuvi wanaitumia kila siku na inauzwa kwa mabonge. Bonge zima kwenye deli linakaa hadi usiku. Iliyopondwa inaisha mchana.

Kwenye boti, kabla ya kukubaliana bei, hesabu laifujaketi. Wakiwa abiria kumi, ziwe kumi, na ujaribu kufunga vishikizo vya mbili tatu, kwa sababu zilizokatika mikanda ni nyingi kuliko unavyodhani. Angalia kama kuna kasia, nanga na ndoo ya kukumbia maji. Mashine ikizimika katikati, nanga ndiyo inayozuia boti isisukumwe kwenye miamba wakati baharia anatengeneza. Halafu uliza maswali matatu kwa sauti, wote wakisikia: bei ni ya kichwa au ya boti nzima, inajumlisha kurudi au hapana, na nani atakuja kutuchukua kesho saa ngapi. Lipa nusu, nyingine siku ya kurudi. Nimeona kundi lililolipa yote mwanzo likisubiri boti saa nyingi juani, na nahodha hapokei simu. Nahodha anayekudai nusu hukumbuka ahadi.

Kiingilio cha kisiwa ni kitu kingine kabisa, wala hakimo kwenye nauli. Mbudya ni eneo tengefu la bahari tangu mwaka 1975, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, na linasimamiwa na serikali. Malipo yanafanywa kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu au benki, na unapewa risiti. Raia analipa kidogo, mgeni analipa zaidi, kwa hiyo kila mmoja abebe kitambulisho. Waambieni mapema kuwa mnalala, maana kulala kuna ada yake. Mtu akikuomba kiingilio taslimu bila risiti, mwambie kwa upole kwamba mtalipia kwenye namba. Kwa vitu vingine vyote, chenji ya kutosha iwe mfukoni. Wakala wa kutoa pesa hayupo kisiwani.

Mabanda ya makuti yako upande wa magharibi, unaotazama bara, ambako maji yametulia. Upande wa mashariki umekabili bahari kuu: mawimbi na miamba mikali, mzuri kwa kutazama tu. Banda linakodishwa kwa siku. Chukueni lenye kivuli kinachobaki hadi saa 9, maana jua la alasiri linawapiga usoni moja kwa moja kutoka magharibi, na banda zuri la asubuhi linakuwa tanuri.

Chakula. Agizeni dakika ile ile mnayotua mizigo, hata kama mmeshiba. Boti nyingi za wikendi hufika kwa wakati mmoja, kila kundi linaogelea kwanza, halafu wote wanaagiza saa 7 kwenye majiko yale yale machache ya mkaa. Aliyeagiza saa 4 na nusu anakula saa 7; aliyeagiza saa 7 anaweza kula saa 10, na chipsi zimeshaisha.

Samaki unachagua akiwa mbichi, na hapo usione haya kuchukua muda. Jicho liwe limejaa na linang'aa, lisiwe limebonyea na kuwa na utando mweupe. Funua shavu uone matamvua: mekundu ni mzuri, ya kahawia mrudishe. Bonyeza mgongo kwa kidole. Nyama ikirudi, mchukue, shimo likibaki, amelala. Harufu iwe ya bahari. Changu au tasi wa kama kilo moja anawatosha watu wawili wakiwa na chipsi. Kwa kukaanga naona changu ni bora, nyama yake haivunjiki; kolekole mwambie akuchomee, na asimkaushe. Pweza akiwepo mchukue, ila uliza kama ameshachemshwa, kwani pweza aliyewekwa mbichi kwenye mkaa atawatafunisha hadi magharibi. Kisha bei: ni ya samaki peke yake au na chipsi na kachumbari? Ugomvi karibu wote niliouona kwenye mabanda ulitokana na swali hilo kutoulizwa. Ndimu na pilipili bebeni zenu.

Ladha yenyewe naisifu bila kusita. Samaki aliyekaangwa kwenye mafuta yenye moto mkali, chumvi na ndimu basi, ngozi inavunjika kama kaukau na ndani bado ana maji yake. Migahawa mingi ya mjini yenye vitambaa vya meza haikupi hiyo.

Maji ya kunywa bebeni yote kutoka bara. Kwa saa 24 hesabuni lita 4 kwa kila mtu, pamoja na chai na kupiga mswaki. Watu wanane ni lita 32, yaani madumu mawili ya lita 20 na akiba kidogo. Kuoga kwa maji baridi kuondoa chumvi ni ndoo moja kwa watu wawili, si zaidi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo vitu viwe kwenye vikapu au viroba, na kiroba kimoja kitupu kiwe cha takataka za kurudi nazo.

Kuogelea vaeni raba kuukuu au viatu vya maji, kandambili zinavuka mguuni. Kwenye miamba kuna viumbe weusi wa bahari wenye miiba mirefu. Mwiba ukivunjikia mguuni usichokonoe kwa sindano, loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyovumilia, kisha toa kilichojitokeza. Konyeza akikuunguza, suuza kwa maji ya bahari, usisugue wala usimwagie maji baridi ya kunywa. Matumbawe msiyakanyage, na makombe yabaki pale pale. Ni eneo tengefu, hata kokoto nzuri za matumbawe hairuhusiwi kuondoka nazo. Miwani ya kuzamia bebeni zenu, za kukodi nyingi zinavuja pembeni ya pua.

Hema ndiko kosa kubwa hutokea, nalo linatokana na maji tena. Siku za bamvu, saa 4 usiku maji yamepwa na ufuko ni mpana, mchanga safi umelala wazi. Kundi linapiga hema hapo. Saa 10 alfajiri maji yamejaa na wamo ndani ya bahari na magodoro yao. Tafuta mstari wa mwani mkavu ulioachwa na maji, kisha panda juu hatua kumi zaidi, kwa sababu mstari wa jioni hiyo siyo kipimo cha mwisho. Lango la hema lisielekee upepo.

Vigingi vya kawaida havishiki kwenye mchanga. Chukua viroba vidogo, jaza mchanga kila kimoja kama kilo tatu, funga kamba ya hema shingoni mwa kiroba, chimba shimo la urefu wa mkono hadi kiwiko, kizike na ukanyage. Hiyo haing'oki hata upepo ukivuma usiku kucha. Chakula kisilale nje: kaa wanatembea usiku, wakiwemo kaa wa nazi, wakubwa na wenye magando ya kuvunja kitu kigumu. Msiwaguse wala msiwakamate. Taa bebeni ya kichwani, inakuachia mikono yote miwili, na dawa ya mbu jipakeni kabla ya saa 12 na nusu jioni. Moto wa kuni msiwashe bila kumuuliza askari wa hifadhi. Kwa chai ya usiku, jiko dogo la gesi linatosha.

Mwenye mtoto mchanga au mzazi mtu mzima naona aende Bongoyo kwa siku moja. Boti zinaondokea Msasani, safari ni kama nusu saa, na jioni unalala kwako.

Kabla giza halijaingia mpigie nahodha mpange saa ya kuchukuliwa kwa maji ya kesho, siyo ya leo. Kama leo yamejaa saa 4 asubuhi, kesho ni karibu saa 5, kwa hiyo mwambie saa 5 kamili, na mizigo iwe imefungwa saa 4 na nusu.