Taa ya ndege wa ndani: kabla hujalipa, itizame kwa kamera ya simu

Masika ya mwaka huu kunguru alimng'ofoa chiriku wangu jike kidole cha mguu. Tundu lilikuwa juu ya paa kama kila asubuhi, nami nilishuka mara moja tu kuepua chai. Niliporudi, kijiti kina damu, chiriku kajibana pembeni, na kunguru wawili wametua ukutani wananitizama. Tangu siku hiyo ndege wangu wanakaa ndani, na ndani kwenyewe ni nyumba ya Mji Mkongwe: kuta nene, dirisha moja linalotazama kichochoro, saa nne asubuhi unawasha taa.

Nikaenda Darajani. Muuzaji akanipa balbu ya LED, kasha lake limechorwa jua na kasuku, akaniapia kuwa hii ni jua lenyewe. Shilingi 48,000. Wiki haikwisha, dume akaacha kuimba, akawa anashinda ameipa taa mgongo. Mimi nikadhani analilia paa. Mpwa wangu ni fundi umeme; alipokuja akasema, "Shangazi, hebu nipe simu yako." Akafungua kamera, akaweka video ya mwendo wa polepole, akaielekeza kwenye ile balbu. Ukuta mzima ulikuwa unazimika na kuwaka, unazimika na kuwaka, na mistari myeusi inapanda kwenye kioo cha simu. Kwa macho yangu taa ilikuwa tuli kabisa.

Ndiyo maana sitawachosha na wati wala umbo la balbu. Kwangu swali la kwanza ni moja: je, taa inapepesa? Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na taa inayoufuata hivi hivi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho la mtu halioni. Ndege wadogo wamepimwa, na baadhi yao wanaona mpepeso hata ukizidi mara 130 kwa sekunde. Basi unachokiita mwanga, yeye anakaa nacho kutwa nzima kikimpiga machoni, na hana mlango wa kutokea.

Kwenye tubulaiti mkosaji ni choki, kile kifaa kinachoongoza umeme wa taa, ya kizamani, ile nzito ya waya wa shaba inayovuma. Choki ya elektroniki ni nyepesi, haivumi, na hupeleka umeme kwa maelfu ya mizunguko kwa sekunde, kasi ambayo jicho la ndege haliifikii. Ukinunua tyubu nzuri ya bei mbaya ukaifunga kwenye choki ya zamani, umetupa pesa.

Jambo la pili ni maneno "mwanga kamili" yanayoandikwa kwenye makasha ya taa. LED nyeupe ya kawaida, hata ikiandikwa 6500K, haina miale ya UVB, ile ya jua isiyoonekana kwa macho. Hiyo 6500K ni rangi tu. UVB ndiyo inayomwezesha ndege kutengeneza vitamini D3, na bila D3 kalsiamu ya chakula haimfai kitu. Kasuku wa kijivu ndio wanaoumia zaidi. Dada mmoja wa Wete ameniandikia kuwa wake alidondoka kijitini akitetemeka kwa degedege, na tundu lilikuwa kando ya dirisha miaka yote. Dirisha la kioo, dada yangu! Kioo hupitisha mwanga na kuizuia UVB karibu yote.

Sasa, mimi chaguo langu la kwanza ni Arcadia ya Uingereza, na sioni haya kusema naipendelea. Nunua tyubu yao ya ndege, ile ya UVB 2.4%, pamoja na fremu yake ya T5 (aina ya tyubu nyembamba), kwa sababu choki ya elektroniki imo ndani ya fremu. Ifunge juu ya tundu, usiiweke ubavuni: jicho la ndege limekingwa kwa juu, na mwanga wa pembeni unamwingia moja kwa moja. Acha sentimita 30 hadi 45 kutoka kwenye kijiti cha juu, na upande mmoja wa tundu ubaki na kivuli ili akichoka ajiondoe. Usiifunike kwa plastiki.

Ya pili ni AvianSun 5.0 ya Zoo Med (hiyo namba ni kiwango cha UVB), wati 26, unayoifunga kwenye holda. Inafaa kwa tundu dogo. Ila ukiagiza kwa jamaa aliyeko Marekani, mwambie asome volti kabla hajalipa. Ya kule ni ya volti 120, na hapa kwetu ni 230. Itakufa siku hiyo hiyo.

Balbu za mijusi zilizoandikwa 10.0, hapana. Ni kali mno kwa macho ya ndege. LED za bei nafuu zinakufaa wewe kusomea.

Na wenye paa au ua usio na kunguru, dakika 20 za jua la asubuhi, nawe umekaa hapo hapo, zinashinda taa zote hizi.

Kinachoniuma ni dukani. Nilirudisha balbu nikamwonyesha yule muuzaji video, akanijibu, "Bibi, simu yako ndiyo mbovu." Hakurudisha hata shilingi. Na tyubu za UVB nilizoziona maduka mengine zimetolewa kwenye makasha, zinawashwa kutwa kuvutia wateja, kisha zinauzwa kwa bei ya mpya. UVB hupungua taa ikiwa bado inang'aa vizuri. Ndiyo maana tyubu hubadilishwa kila baada ya mwaka. Anayekuuzia iliyowaka miezi minane amekuuzia miezi minne. Dai kasha lenye lakiri, ifungue mwenyewe, na uandike tarehe kwenye ncha ya tyubu kwa kalamu ya wino mzito. Yangu imeandikwa 14 Juni. Dume ameanza tena kuimba, kwa sauti ya chini, saa za alfajiri.