Safari ndefu ya meli ya kifahari: ununue chumba kipi?

Wanaotafuta safari ndefu ya baharini wengi huanza kwa kutazama picha za bwawa la kuogelea na ukumbi wa maonyesho. Hivyo utavipata hata ukilipa nauli ya chini kabisa. Unachokinunua hasa ni chumba, na kikikushinda huna pa kuhamia: ni takriban siku saba za maji matupu kati ya Southampton na New York, au miezi mitatu na zaidi ukizunguka dunia. Kwa hiyo nimevipanga vyumba kwa namna vinavyolipa pesa yako, wala si kwa bei.

1. Chumba chenye dirisha, katikati ya meli, sitaha za chini

Hiki ndicho ningemshauri mtu anayesafiri kwa mara ya kwanza. Meli ikikutana na mawimbi ya mbele hufanya kama bembea ya ubao: ncha hupanda na kushuka, katikati pametulia. Meli kubwa zina mapezi ya chuma ubavuni yanayopunguza kulala huku na huku, lakini omo, yaani mbele ya meli, inapopanda na kushuka hayasaidii sana. Aliyelala chumba cha mbele, sitaha ya juu, atasikia hanga zikigongana kabatini usiku kucha. Wazee wa majahazi walishasema: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, ngama ni tumbo lake.

Usishuke mno, hata hivyo. Bahari ikichafuka, madirisha ya chini kabisa huenda yakafungwa kwa vifuniko vya chuma. Tena uliza kama mbele ya dirisha pananing'inia boti ya uokoaji. Vyumba hivyo huuzwa kwa bei nafuu kidogo, na kama haja yako ni mwanga tu, chukua.

2. Chumba cha ndani, kisicho na dirisha

Kinadharauliwa bure. Ukiwa mtu wa kushinda maktabani, ukumbini na sitahani, chumba ni cha kulala tu, na giza lake ni zuri. Kutoka Uingereza kwenda Marekani saa hurudishwa nyuma saa moja moja mpaka zitimie tano, kwa hiyo siku kadhaa huwa na saa 25, na usingizi unakuwa wa kutosha. Ila anayelewa bahari haraka asikichukue: macho yake yanahitaji kuona upeo wa bahari. Ndani ya Queen Mary 2, meli ya njia hii ya Southampton na New York iliyoanza kazi mwaka 2004, vipo vyumba vya ndani vyenye dirisha linalotazama ukumbi mkuu. Mwanga upo, bahari haipo.

3. Chumba chenye roshani

Hapa inategemea njia. Kwenye maji ya joto, au safari ya kuzunguka dunia, ningekipandisha hadi namba moja bila kusita. Atlantiki ya Kaskazini ni habari nyingine: upepo na baridi vitakurudisha ndani kabla chai haijapoa. Baadhi ya roshani za Queen Mary 2 zimechongwa ndani ya ubavu wa meli, na mbele yake pana ukuta wa chuma. Zinakinga upepo vizuri, lakini ukiketi unatazama chuma. Ukipenda jua, kumbuka kwamba kuelekea magharibi huko kaskazini linakaa upande wa kushoto wa meli.

4. Vyumba vya kifahari

Pesa nyingi hapa inanunua meza. Ndani ya Queen Mary 2, abiria wa kawaida hula mgahawa wa Britannia. Wa juu wana migahawa yao, Princess Grill na Queens Grill. Kama chakula na utulivu ni muhimu kwako, lipa. Lakini vile vya ghorofa mbili viko tezini, na mawimbi hayaulizi umelipa kiasi gani.

5. Chumba utakachopangiwa na kampuni

Unalipia daraja, namba wanachagua wao. Kwa safari ya siku tatu, sawa. Kwa hii, hapana.

Bei zinazotangazwa kwa kawaida ni za kila mtu mkiwa wawili chumbani. Anayesafiri peke yake anaweza kutozwa hata mara mbili. Bakshishi, intaneti na vinywaji mara nyingi huwa nje ya nauli. Daktari wa meli naye hutoza, kwa hiyo bima iwe inagharamia matibabu na kusafirishwa kutoka melini hadi hospitali.

Kabla ya kulipa, fungua ramani ya sitaha utazame kilicho juu na chini ya chumba chako. Vyumba juu na vyumba chini ndiyo salama. Chini ya mgahawa utaamshwa na viti vinavyoburuzwa alfajiri, na karibu na omo utaamshwa na minyororo ya nanga.