Adapta tatu za kuunganisha monita, moja ilinigomea

Aisee hizi adapta za kuunganisha laptopu na monita zinachanganya, ngoja niwape yaliyonikuta. Mimi kazi yangu mahesabu, nashinda kwenye Excel yenye kolamu mpaka unasahau ya kwanza ilikuwa ya nini, na kwa laptopu ya inchi 14 macho yalikuwa yanaisha. Nyumbani nina monita mbili za mtumba, moja ina HDMI, nyingine ya kizamani ina VGA tu. Laptopu ina tundu moja la HDMI, USB za kawaida na USB-C moja.

Nikashuka Kariakoo nikachukua adapta ya USB-C kwenda HDMI elfu 25, muuzaji ananiambia kaka hii inakubali laptopu zote. Nafika home nachomeka, kimya. Nageuza waya, nazima nawasha, nabonyeza Windows na P (za kuchagua skrini) mpaka kidole kinauma, hola. Kesho yake nikaenda nayo kazini nikaijaribu kwa dada wa meza ya jirani, ikawaka hapo hapo! Kumbe adapta nzima, shida ni tundu langu. USB-C ni umbo tu, kuna zinazotoa picha na kuna za kuchaji na kuhamisha mafaili basi, na kwa macho ni mapacha. Zingine zina kialama cha DP (DisplayPort, yaani njia ya kutoa picha) au cha radi pembeni lakini sio zote, kwahiyo kabla hujatoa hela soma sifa za modeli yako, tafuta neno DisplayPort kwenye maelezo ya hiyo USB-C.

Nikarudi nikachukua ya USB ya kawaida kwenda HDMI yenye chipu ya DisplayLink, elfu 90, iliuma. Hii haijali kama tundu linatoa picha, kompyuta yenyewe inabana picha inaituma kama data na chipu inaifungua upande wa monita. Draiva, yaani programu yake, lazima uweke kwenye laptopu. Na uchomeke kwenye USB 3, mara nyingi ina bluu ndani, mimi mwanzo nilichomeka ya USB 2 mshale wa mausi ukawa unaburuzika kama mgonjwa.

Ile monita ya VGA nayo ikaenda kwenye tundu la HDMI la laptopu. Hapa ndo watu wanapigwa, unauziwa waya mtupu HDMI huku VGA kule, haufanyi kazi, kwasababu HDMI ni dijitali na VGA ni analogi, lazima kuwe na kigeuzi chenye saketi ndani. Changu elfu 15. Maandishi yalikuja na ukungu kidogo, nikabonyeza Auto kwenye monita yakatulia.

Sasa ni miezi minne natumia hivi. Kwa Excel, PDF na imeili sina neno kabisa. Mpira wa mtandaoni kwenye ile ya USB unakwamakwama na feni inalia, filamu za kulipia kwangu zinatoa skrini nyeusi kwa ajili ya ulinzi wa hakimiliki, hizo nazirudisha kwenye skrini ya laptopu. Gemu hata sijajaribu.

Ile ya elfu 25 nimemuuzia yule dada elfu 10, na bado anasema nimemlangua.