Uzoefu wangu na mkataba wa ziada wa matengenezo ya gari-nyumba, na sababu ya kutouhuisha

Mwezi wa Aprili mwaka 2021, mimi na mke wangu, wakazi wa Columbus katika jimbo la Ohio, tulinunua gari-nyumba lililotumika, la mwaka 2011, kwa dola 46,500. Kwa msomaji ambaye hajaliona, hili ni gari ambalo Wamarekani huliita motohomu: mbele ni kichwa cha Ford E-450 chenye injini ya petroli ya V10 ya lita 6.8, na nyuma yake imejengwa nyumba kamili yenye vitanda, jiko la gesi, friji, choo, bafu, jenereta na kiyoyozi cha juu ya paa. Letu lina urefu wa futi 29. Juu ya dereva kuna kitanda cha watoto kilichochomoza mbele, nami naomba msomaji akikumbuke kitanda hicho, kwa sababu hapo ndipo hasara yetu kubwa ilipoanzia.

Tulipokwisha kupatana bei, tulipelekwa katika ofisi ya mikopo ya yadi, na huko tukaelezwa habari za mkataba wa ziada wa matengenezo, yaani ahadi ya kulipiwa matengenezo baadhi ya vifaa vya gari vikiharibika: miaka 4, dola 5,900, nasi tungechangia dola 100 kila tulipopeleka gari gereji. Afisa hakuzungumzia hata mara moja dola 5,900. Alisema ni dola 68 kwa mwezi, zitakazoingizwa katika mkopo wa gari. Mkopo wetu ulikuwa wa miaka 10 kwa riba ya asilimia 7, na siku ile sikukaa na kalamu. Nilipokuja kupiga hesabu nyumbani niliona kwamba, nikiulipa mkopo hadi mwisho, mkataba ule utakuwa umenigharimu takriban dola 8,200, na kwamba nitaendelea kuulipia miaka 6 baada ya muda wake kwisha. Shemeji yangu, dereva wa malori ya masafa marefu ambaye naye ana gari la aina hii, aliniuliza, "Shemeji, ulipatana nao kwanza, au ulipokea bei ya kwanza?" Nilikuwa nimepokea bei ya kwanza. Yeye aliwahi kupunguziwa dola 1,400 kwa kusema tu kwamba atakwenda kuuliza kwingine.

Jambo la pili nililochelewa kulielewa ni kwamba mkataba huu si waranti, ingawa pale yadi maneno hayo mawili yalitumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1975 iitwayo Magnuson-Moss, waranti ni ahadi inayokuja na bidhaa ndani ya bei yake, ilhali mkataba wa huduma, kama huu wetu, hununuliwa kando kwa fedha nyingine. Zaidi ya hayo, anayekuuzia si lazima awe ndiye atakayekulipa. Yadi huuza, kampuni nyingine husimamia madai, na nyuma yao, ikiwa mkataba ni wa maana, huwa kuna kampuni ya bima inayobeba mzigo endapo msimamizi atashindwa. Jina la kampuni hiyo ya bima ndilo la kutafutwa kwanza katika karatasi. US Fidelis ya Wentzville, Missouri, iliyokuwa ikiuza mikataba ya magari kwa wingi, iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi mwaka 2010, na wateja wengi walibaki wakihangaika.

Sasa nieleze jinsi ulivyotufaa, kwa sababu ulitufaa kweli mara tatu.

Mara ya kwanza ilikuwa Julai 2022, tulipokuwa tumepiga kambi Elkmont, ndani ya hifadhi ya Milima ya Great Smoky, upande wa Tennessee. Gari letu lina ubavu unaosukumwa nje kwa mota ya umeme ili kupanua sebule. Asubuhi ya kuondoka nilibonyeza swichi, nikasikia mlio mfupi, kisha kimya, na ubavu ukabaki nje. Kambi ile haina umeme wala bomba kwenye vituo vya magari, na simu yangu haikupata mtandao. Nililala chini ya gari juu ya turubai, spana mkononi, nikauzungusha mhimili wa mota taratibu huku mke wangu na mtoto wetu mkubwa wakiusukuma ukuta kwa viganja, inchi kwa inchi, kwa muda wa dakika 40. Tulipofika Gatlinburg ndipo nilipoweza kumpigia msimamizi, naye akaniambia kwa upole kwamba nimefanya vizuri kutomwita fundi yeyote kabla ya kuwaarifu, kwa maana kazi iliyofanywa bila kibali chao hailipwi. Gereji ya Columbus ilitoza dola 1,180. Walilipa 690. Mota ilikuwa kwenye orodha yao, lakini kuupanga upya ubavu ukae sawa kwenye reli zake kulihesabiwa kuwa marekebisho, na marekebisho hayakuwemo.

Kiyoyozi kilipokufa mwaka 2023 walilipa dola 1,320 kati ya 1,640. Mwaka uliofuata friji iliacha kupoza, wakamtuma mkaguzi wao kuja kuitazama, kisha wakakubali kulipia dola 1,455 kwa mfumo wa kupoza uliofanyiwa ukarabati, si friji mpya. Nilikasirika kidogo, lakini nilipoufungua mkataba nikakuta sentensi inayowapa haki ya kutumia vipuri vilivyokarabatiwa. Ilikuwemo tangu siku nilipotia saini. Tulingoja siku 23 kibali, mkaguzi na kipuri vikamilike, na safari ya Michigan tuliyokuwa tumewaahidi watoto ikafutwa.

Jumla ya malipo yao ni dola 3,465. Kama habari ingeishia hapo, ningesema nimepoteza kiasi kwa ajili ya utulivu wa moyo, na wako watu ambao kwao utulivu huo unastahili bei yake.

Lakini Oktoba 2024, nilipokuwa nikitandua kitanda kile cha juu ya dereva ili kulifunga gari kwa majira ya baridi, niliona doa la rangi ya chai kwenye kona ya kulia. Nilibonyeza ukuta kwa kidole gumba na kidole kikazama. Nyuma ya karatasi nzuri ya ukutani, mbao zilikuwa zimeoza na kulainika kama mkate uliochovywa. Maji yalikuwa yakiingia kupitia mshono wa mbele, pengine tangu kabla hatujalinunua gari, na kila mwendo wa barabara kuu wakati wa mvua ulikuwa ukiyasukuma ndani zaidi. Makadirio ya gereji yalikuwa dola 7,800. Dai langu lilikataliwa kwa simu moja ya dakika chache. Katika ukurasa wa vitu visivyohusika yametajwa maji, kuoza, ukungu, paa, mishono, gundi za kuziba na ukuta wenyewe.

Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi tangu siku ile, nami naamini ndio unaopaswa kusomwa kabla ya mengine yote. Mkataba wangu ulilinda mashine: mota, kompresa, pampu, giaboksi, jenereta. Gari-nyumba la miaka 10 na zaidi, hata hivyo, haliuawi na mashine. Linauawa na maji, na maji hayamo. Matairi, ambayo huzeeka kwa miaka hata kama hayajatembea, hayamo pia. Iko mikataba iliyoandikwa kinyume na wangu, inayolipia kila kitu isipokuwa kilichotajwa kuwa hakihusiki, na hiyo ni bora mara nyingi kuliko ya kuorodhesha vinavyolipiwa. Lakini hata katika ile niliyoonyeshwa baadaye, maji yalitajwa miongoni mwa yasiyohusika.

Laiti ningezitumia dola mia chache kumlipa mkaguzi huru kabla ya kununua. Kuna wakaguzi waliothibitishwa na chama chao, NRVIA, wanaopanda juu ya paa, wanaopima unyevu ndani ya kuta kwa kifaa maalumu na kuandika ripoti. Ripoti ya namna hiyo ingenipa nguvu ya kupatana bei, na pia ingekuwa ushahidi wa hali ya gari siku ya kwanza, kwa sababu msimamizi akishuku kwamba hitilafu ilikuwepo kabla ya mkataba, mzigo wa kujieleza hukuangukia wewe.

Machi 2025, kabla ya mkataba kwisha, niliandikiwa barua ya kuuhuisha: miaka 3 kwa dola 4,700, kwa orodha fupi kuliko ya kwanza. Nimekataa. Simwambii kila mtu akatae. Mwenye gari kubwa la dizeli, lenye mbavu tatu au nne za kusukumwa nje na jeki za haidroliki, ambaye anaishi humo mwaka mzima na hana akiba ya kubeba pigo la maelfu ya dola kwa siku moja, pengine anafanya busara kununua, mradi apewe nakala ya mkataba wenyewe aende nayo nyumbani, si kijitabu chenye picha, na mradi aulize kama atarudishiwa salio akiuza gari au akiukatisha mkataba. Anayekusudia kulikodisha gari lake kwa wageni naye asome kwa makini, kwa sababu kwa mkataba wangu kukodisha kungeufuta wote.

Sisi tumefungua akaunti ya akiba ya gari peke yake, na kila mwezi tunaweka dola 130, ambazo ni karibu sawa na zile 4,700 zikigawanywa kwa miezi 36. Fedha ya kwanza kutoka humo ilikuwa dola 94, kwa ajili ya mirija ya gundi ya kuziba na utepe wa paa. Nilipanda mwenyewe kwa ngazi mwezi wa Mei, nikaukagua kila mshono kuanzia mbele, na nitapanda tena Oktoba kabla ya theluji.